Mkojo Unaokula Uji

Rongai, 4 Machi 1957

Kwa Naftaly Kinyanjui, karani wa nyumba ya vipimo, hospitalini Nakuru.

Kijana wangu,

Salamu kwako na kwa chupa zako zote. Mimi ni yule mzee wa kitanda cha dirishani, niliyeletwa na lori la maziwa nikiwa nimejikunja kama ndama ambaye hajazaliwa. Nafikiri hujanisahau. Watu hawanisahau.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi nilijifunza kwa zile mbao za majina zilizo juu ya vibanda vya ng'ombe: Dezi, Beti, Fansi, Malkia. Kwa hiyo ukiona naandika majina ya ng'ombe vizuri kuliko ya watu, sababu ni hiyo.

Sasa maneno yenyewe. Mlinitoa damu mkononi kwa sindano kama ya kushona nguo. Nilicheka ndani kwa ndani, kwa sababu mimi fahali namtoa damu ya shingo kwa mshale mmoja, na akimaliza anaendelea kula majani. Sikusema kitu, nilikuwa mgeni. Halafu mkachukua mkojo. Kesho yake yule dresa mnene, msaidizi wa daktari, akasimama karibu na kitanda changu, akamwambia mwenzake, "Huyu mzee mkojo wake umefika mia tano na kumi na mbili. Sijaona kama huu tangu nianze kazi." Nilisikia vizuri. Tumbo lilikuwa limeshikwa na maumivu lakini masikio yalikuwa yangu.

Nataka karatasi ya hiyo nambari, yenye muhuri.

Nakwambia kwa nini. Jirani yangu Kipkemei ni mkubwa wa ng'ombe katika shamba la pili, na mimi ni mkubwa wa ng'ombe wote wa Bwana Kofia, mzungu mwenye shamba hili. Mwaka jana kwa maonyesho ya Nakuru walipima mafuta ya maziwa. Ng'ombe yake Rozi ikapata tano, Malkia yangu ikapata nne na nusu. Kwa sababu ya hiyo tano walimpigia makofi, na mpaka leo akikohoa anakohoa tano. Mimi peke yangu, bila ng'ombe, nimepata mia tano na kumi na mbili. Nimemwambia. Amesema ni uongo.

Na huyu Kipkemei ndiye atakuwa mkwe wangu. Mtoto wake Kipkorir anamchukua binti yangu Jepchumba, mwalimu wa shule ya hapa shambani. Mwishoni mwa mwezi wa tano tutakaa kwa chungu cha pombe, yeye na mimi, kila mmoja na mrija wake, kwa sababu baba wawili ndio wanafungua chungu na wengine wanangoja. Siwezi kukaa mbele ya macho yake bila karatasi.

Daktari alisema maneno fulani ya kuacha pombe na mafuta. Nafikiri alikuwa anaongea na yule wa kitanda cha pili.

Mimi Kipketer arap Kosgei, mwenye mkojo uliotajwa hapo juu.


Nakuru, 11 Machi 1957

Mzee wangu Kipketer,

Pokea salamu zangu kwa heshima. Nimefurahi kujua umefika nyumbani salama.

Karatasi siwezi kukupa. Muhuri ni wa daktari, na zaidi ya hayo, nambari ile si ya kushindania. Naomba nikueleze polepole.

Nyuma ya tumbo lako kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kazi yake ni kutengeneza maji makali ya kusaga chakula. Kongosho likivimba, maji hayo hupita njia isiyo yake, yanaingia katika damu, na kutoka kwenye damu yanaingia katika mkojo. Ndiyo sababu tulipima vyote viwili. Sisi huchukua mkojo kidogo, tukauzimua kwa maji, kila chupa mara mbili ya iliyotangulia, tukatia uji mwembamba wa wanga, tukauweka mahali pa joto. Kisha tunadondosha ayodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Wanga ukiwa bado upo, rangi inakuwa bluu. Ukiwa umeliwa, hakuna bluu. Mkojo wa mtu mwenye afya ukizimuliwa mara kumi na sita, au thelathini na mbili, unashindwa kula uji. Wako tuliuzimua mara mia tano na kumi na mbili, na bado uliula wote.

Maana yake, Mzee, ni kwamba ulikuwa karibu kufa. Daktari alikuwa anaongea na wewe. Usinywe pombe, hata mrija mmoja. Usile mafuta. Nimempa dereva wa lori la maziwa chupa tupu yenye kifuniko. Wiki ijayo utie mkojo, uirudishe kwa lori hilo hilo, tuone kama nambari inashuka.

Wako mtiifu,
Naftaly Kinyanjui


Rongai, 20 Machi 1957

Naftaly kijana wangu,

Barua yako nimeisoma yote. Kipkemei nimemsomea ule mstari unaosema mkojo wangu umezimuliwa mara mia tano na kumi na mbili na bado ukala uji wote. Mistari mingine sikumsomea, ilikuwa mirefu na yeye alikuwa na haraka. Aligeuka akaenda zake. Ilikuwa siku nzuri.

Lakini kuna mahali umekosea, na sikulaumu, wewe ni kijana na umekulia mjini. Mimi nilianza kukamua kabla baba yako hajaoa. Maziwa yakienda kupimwa, nambari kubwa ndiyo ng'ombe bora. Sijaona mtu auze ng'ombe kwa sababu nambari yake imepanda. Sasa wewe unaniambia mkojo wenye nguvu ya kula uji ni mbaya, na ule dhaifu unaoshindwa na uji wa mtoto ndio mzuri. Nenda ukamuulize aliyekufundisha.

Chupa yako nimepata. Ng'ombe akienda kupimwa hatumpeleki hivi hivi, tunamtayarisha wiki nzima kwa pumba na majani mazuri. Na mimi nimejitayarisha. Nimekunywa mafuta ya kondoo kikombe kizima, yakiwa moto. Pombe mke wangu Chepkosgei alikataa kunipikia, amekuwa askari, kwa hiyo nilikwenda kwa Nasimiyu kambi ya chini akanipa busaa yake, nzito hata kijiko kinasimama. Nilitaka nifike elfu.

Siku iliyofuata nilikaa kidogo nimelala katika nyumba ya kukamulia. Si ugonjwa. Nilikuwa natazama paa, kuna bati linavuja.

Chupa nimeijaza mpaka juu, sikukupunja. Nimeifunga kadi ya jina kama kawaida yetu, imekwenda na lori leo asubuhi. Ukipata elfu usimwambie dresa kwanza, niambie mimi.

Mimi Kipketer arap Kosgei, mkubwa wa ng'ombe.


Nakuru, 29 Machi 1957

Mzee Kipketer,

Chupa haijafika. Nimemuuliza dereva, anaapa aliteremsha kila kitu alichopewa, mahali panapostahili.

Habari ya mafuta ya kondoo imenitisha, na habari ya kutazama paa imenitisha zaidi. Nimemwambia daktari. Anasema ukishikwa tena uletwe hapa siku hiyo hiyo. Ningekuja mwenyewe Rongai kukuona, lakini sisi wa kabila langu siku hizi za Hali ya Hatari hatutembei bila pasi, na pasi haitolewi kwa sababu ya chupa.

Tafadhali, Mzee. Usijitayarishe tena.

Naftaly Kinyanjui


Rongai, 5 Aprili 1957

Naftaly,

Chupa imepatikana. Afadhali ingepotea.

Sikiliza. Hapa kila mwezi tunatuma chupa ndogo za maziwa kwa kiwanda cha siagi, chupa moja kwa kila ng'ombe, wapime mafuta. Kila chupa ina kadi, na kadi ina jina la ng'ombe. Mimi kadi nilizo nazo ni hizo. Kwa hiyo chupa yako niliifunga kadi hiyo na nikaandika kama ninavyoandika siku zote, herufi kubwa, KIPKETER. Yule mpumbavu wa lori akaona chupa, akaona kadi, akaipanga kwa sanduku moja na Dezi na Beti na Malkia.

Na wale wa kiwanda wakapima.

Jana Bwana Kofia akatuita wakamuaji wote uani, ameshika barua kutoka kiwandani. Akaisoma kwa Kiswahili chake kile, pole pole, ili tusikie wote. Wanasema ng'ombe Dezi ni nne. Ng'ombe Beti ni nne. Ng'ombe Malkia ni nne na nusu. Ng'ombe Kipketer hana mafuta hata kidogo, maziwa yake ni ya manjano na yananuka, aangaliwe kiwele, na kama hatabadilika ni heri auzwe kwa nyama.

Bwana Kofia akauliza, "Kipketer ni ng'ombe gani?"

Mimi nikatazama chini. Wakamuaji wakatazama chini. Halafu akaelewa mwenyewe. Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka, na sisi tumekaa naye miaka yote hii hatujawahi kuona kichwa chake. Hakina nywele.

Jioni Kipkemei alikuwa amekwisha kusikia. Akasimama kwa ua, akaita, "Kipketer, umeuzwa bei gani?" Halafu akalia kama ng'ombe. Analia vizuri, hata Malkia alimwitikia. Na leo watoto wa shule nao wanalia nikipita, na mwalimu wao ni binti yangu mwenyewe.

Sasa uandike barua kwa kiwanda. Waambie mkojo wangu si wa mafuta, ni wa kula uji, kila kitu kina upande wake wa kushinda. Waambie wafute ile habari ya nyama.

Kipketer arap Kosgei


Shule ya shambani, Rongai, 9 Aprili 1957

Bwana Naftaly Kinyanjui,

Hunijui. Mimi ni Jepchumba, binti wa Mzee Kipketer. Yeye hajui kwamba naandika, na naomba asijue.

Nimeona barua zako chini ya godoro lake. Najua alichokuandikia, na kwa hiyo najua ambacho hakukuandikia. Siku ile baada ya mafuta ya kondoo hakuwa anatazama bati. Mama alimkuta sakafuni katika nyumba ya kukamulia, amekunja magoti hadi kidevuni, anatapika maji ya kijani, na akamwambia Mama amepoteza shilingi na anaitafuta. Tulitaka kumpakia kwenye lori, akashika nguzo. Tangu hapo suruali zake amezifunga kwa kamba ya ndama. Jumapili alishikwa tena kidogo, akasema ni kicheko.

Sherehe ya chungu imewekwa tarehe ishirini na tano mwezi wa tano. Ni yangu mimi, na nimeanza kuiogopa. Nilimwambia tuahirishe, akanijibu kwamba Kipkemei atasema amekimbia. Nikamwambia basi asinywe, akanijibu kwamba baba asiyenywa na mkwe wake ni kama amemkatalia binti. Kwa desturi yetu hapo hakosei. Nikamwambia atakufa. Akasema mtu wa mia tano na kumi na mbili hafi.

Bwana Naftaly, wewe anakusikiliza, ingawa huwezi kuona. Akimaliza kusoma barua yako anatembea nayo mfukoni siku mbili kabla ya kuiweka chini ya godoro. Lakini wewe unamwambia mambo ya kongosho na wanga na damu. Hayo kwake ni ya watu wa mjini. Baba yangu akili yake yote iko ndani ya ndoo ya maziwa. Kama una neno la kumwambia, litie humo.

Wako katika wasiwasi,
Jepchumba


Nakuru, 15 Aprili 1957

Mzee wangu Kipketer,

Nimewaandikia wale wa kiwanda. Wamejibu kwamba wamefuta habari ya nyama.

Leo sina neno la ugonjwa. Nina swali la maziwa, na hapa mjini hakuna wa kumuuliza. Kuna mkamuaji mmoja namjua. Ng'ombe wake ni mzuri na maziwa ni mengi. Lakini ndoo yake imepasuka ubavuni naye hajali. Akimaliza kukamua, ndani ya ndoo kuna maziwa kidogo, na mengine yote yako sakafuni. Kisha anawaita watu waje waone sakafu, anawaambia, "Tazameni maziwa yalivyo mengi hapa chini, hakuna anayenifikia."

Wewe mtu kama huyo ungemwambia nini?

Naftaly Kinyanjui


Rongai, 22 Aprili 1957

Naftaly kijana wangu,

Sasa umeuliza swali la maana. Hata mkono wangu haukutaka kungoja jioni, naandika juu ya mkebe wa maziwa.

Huyo mtu ni mjinga. Nimekaa kwa ng'ombe maisha yangu yote na ujinga wa namna hii sijausikia. Maziwa ya sakafuni si maziwa, ni aibu. Yanaoza, yanaleta nzi, yanachoma kwato za ng'ombe, na harufu yake inaingia mpaka kwa maziwa mazuri. Mimi mkamuaji wangu akimwaga hata kikombe kimoja namtoa nje mbele ya wenzake. Na huyu anaita watu waje waone? Kadiri sakafu inavyolowa ndivyo mkamuaji alivyo mbaya, hilo hata mtoto anajua. Ukitaka kumjua mkamuaji bora usitazame ndoo peke yake. Tazama sakafu yake. Yangu unaweza kulalia.

Dawa yake ni rahisi. Asikamulie ndoo iliyopasuka. Aipeleke kwa fundi wa bati, na mpaka ipone asiijaze, atie kidogo kidogo. Na mtu anayejaza ndoo iliyopasuka kwa makusudi ili sakafu ilowe zaidi na yeye asifiwe, huyo hafai kukaa karibu na ng'ombe, apewe kazi ya kuchimba mitaro.

Niambie jina lake na shamba lake. Nitamwandikia mimi mwenyewe, na barua yangu hataisahau. Kipkemei nimemsomea habari yake, na hata yeye, ambaye hatukubaliani hata jua linachomoza wapi, alisema huyo mtu afukuzwe.

Mimi Kipketer arap Kosgei, ambaye sakafu yake ni kavu.


Nakuru, 29 Aprili 1957

Mzee wangu,

Umenijibu vizuri kuliko nilivyotumaini, na sasa naogopa kukujibu.

Yale maji makali ya kusaga chakula ndiyo maziwa. Kongosho lako ndilo ndoo. Ndoo yako imepasuka. Maji yanayotakiwa kubaki tumboni yanamwagika kwenye damu, na kutoka kwenye damu yanakuja kwangu ndani ya chupa. Mkojo wako mimi siupimi kama wale wa kiwanda wanavyopima maziwa, Mzee. Mimi natazama sakafu tu.

Mia tano na kumi na mbili ilikuwa sakafu.

Pombe na mafuta ndiyo yanayojaza ndoo iliyopasuka. Dawa umekwisha kuitaja mwenyewe, sina la kuongeza.

Nisamehe kwa kuuliza kwa kuzunguka. Jina la mkamuaji ulilitaka, nami sikuweza kuliandika katika barua ile.

Naftaly Kinyanjui


Rongai, 6 Mei 1957

Naftaly Kinyanjui,

Barua nimepata. Nimesoma.

Usiniandikie tena mambo ya maziwa.

Kipketer


Rongai, 28 Mei 1957

Naftaly kijana wangu,

Najua umeona kimya. Nilikuwa na kazi. Ng'ombe wamezaa, na ile ndoo nilikuwa naitazama. Kila kitu ulichoniandikia mimi nilikuwa nimekwisha kukifikiria zamani, nilitaka tu kuona kama na wewe utafika. Umefika. Umechelewa lakini umefika.

Nakupa habari ya chungu, kwa sababu utaisikia kwa watu na watu hawaelezi sawasawa.

Jumamosi walikuja, Kipkemei na ndugu zake na kina mama, mwenyewe amevaa koti la Bwana wake la zamani. Wakaketi. Tukaongea mambo ya ng'ombe za mahari, akataka kunipa mbili zenye pembe mbaya, nikamrudishia moja. Yote yalikwenda vizuri. Halafu chungu kikaletwa katikati, kimejaa, povu linacheza juu. Wazee wote wakakaa nyuma na mirija yao mikononi, wakingoja sisi baba wawili tufungue.

Chepkosgei alikuwa amesimama mlangoni. Jepchumba alikuwa nyuma yake, amemshika mama yake bega, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayengoja daktari. Nikamtazama. Kwake mimi sijui kusema maneno, hata akiwa mdogo sikujua.

Sasa usimwambie mtu hili. Asubuhi ile, nyuma ya ghala, nilichukua nta ya nyuki nikauziba mrija wangu kwa ndani, karibu na ncha, ikakauka kama jiwe. Nikautia kwa chungu pamoja na wa Kipkemei. Nikavuta. Mashavu yakaingia ndani, macho nikafumba kidogo, koo nikalichezesha. Ninajua kumeza bila kitu, nilijifunza kwa ugali wa jeshini. Kipkemei naye akavuta. Yeye alikuwa anakunywa kama ndama aliyeachwa siku mbili, niliona koo lake likienda. Tulikaa hivyo muda mrefu sana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia mrija. Wazee wakaanza kukohoa nyuma yetu. Mmoja akauliza kama sisi tumelala. Mwishoni Kipkemei akaachia, akapangusa mdomo, akasema, "Pombe nzuri." Mimi nikangoja kidogo, kisha nikaachia, nikasema, "Nimeonja bora, lakini hii itatosha."

Kwa hiyo nilimshinda, na hajui.

Wazee walipokaribia walisema chungu kimejaa kama kilivyoletwa. Nikawaambia Chepkosgei huwa hapiki kidogo.

Binti nimemtoa kwa heshima, na usiku ule nililala kwa mgongo, nimenyoosha miguu yote miwili.

Chupa nakutumia na barua hii. Sikujitayarisha. Nimekula ugali na mboga bila mafuta tangu siku ile ya barua yako, chakula cha sungura. Chupa iko ndani ya sanduku la mbao, nimelipiga misumari, na juu nimeandika HAPANA NG'OMBE.

Mimi Kipketer arap Kosgei, baba wa bibi harusi.


Nakuru, 4 Juni 1957

Mzee wangu Kipketer,

Sanduku limefika. Ilituchukua nyundo na dresa wawili kulifungua.

Kumi na sita.

Chupa ya pili tu, ya thelathini na mbili, rangi ikaanza kuwa bluu. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea, na daktari akaja akatazama mwenyewe. Anasema uendelee hivyo hivyo, na usiguse pombe tena maisha yako yote. Nimemuomba muhuri, akakubali. Karatasi iko ndani ya bahasha hii, ina jina lako na nambari yako.

Sakafu yako imekauka, Mzee. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, kabla ya dresa.

Naftaly Kinyanjui


Rongai, shamba la pili, 17 Juni 1957

Kwa karani Naftaly, nyumba ya vipimo.

Mimi ni Kipkemei. Naandika mwenyewe, sitaki mtoto wangu ajue, kwa hiyo usicheke herufi.

Kipketer amepeleka ile karatasi yenu kila nyumba kutoka hapa mpaka stesheni. Amechukua ubao, ameandika KIPKETER 16, ameupigilia juu ya mlango wa nyumba ya kukamulia, katikati ya Malkia na Dezi. Kila anayepita anaambiwa hiyo ndiyo nambari ndogo kuliko zote katika Rongai, na kwamba ile kubwa ya zamani ilikuwa mazoezi tu. Mimi ananiambia kila asubuhi. Juzi aliniamsha ili aniambie.

Nakuomba kitu. Lakini kwanza ujue habari moja.

Tangu mwezi wa tatu nilikuwa namwona. Huyu mtu siku zote alikuwa anaruka ua wangu, hata nikimtukana anaruka. Mwezi ule akaanza kuzunguka mpaka langoni, mkono umeshika tumbo, akinikuta njiani anausukuma mfukoni. Nilimlilia kama ng'ombe ili akasirike, kwa sababu akikasirika anakuwa na nguvu. Hakurusha hata jiwe. Nikajua mambo ni mabaya. Mke wangu akasikia kwa Chepkosgei hilo jambo la kukatazwa pombe. Ningemwambia asinywe, angekunywa chungu chote na kutafuna mrija.

Asubuhi ya sherehe nilifika mapema, nikamwona nyuma ya ghala na nta. Nikarudi nyuma bila kukohoa. Nikaenda kwa mzinga wangu.

Mrija wangu niliuziba ncha zote mbili.

Hajui, na asijue mpaka tumezikwa.

Sasa ombi. Ananisumbua nipimwe na mimi, anasema naogopa. Kwa hiyo nimeleta chupa, iko mkononi mwa dereva. Mimi siumwi popote, na mafuta sipendi tangu utoto, kwa hiyo naogopa itakuwa ndogo kuliko yake. Jepchumba, ambaye sasa ni mtoto wangu, amenieleza jinsi nambari zenu zinavyopanda. Pima vizuri uniambie mimi ukweli, lakini ile karatasi ya muhuri ambayo Kipketer ataiona uiandike thelathini na mbili.

Usiweke sitini na nne. Ataanza kunionea huruma, na hiyo siwezi.

Kipkemei